Nyuzi Kumi na Mbili za Ponijan

Kasmuri alikuwa na swali moja la kumwuliza Ponijan, na swali hilo alikuwa amekaa nalo miaka thelathini na sita. Alilifanyia mazoezi akinyoa ndevu. Alilifanyia mazoezi akiendesha baiskeli. Kuna miaka lilikuwa refu, lina matusi katikati. Kuna miaka lilifupika likabaki maneno matatu tu: kwa nini uliniondoa? Lakini kila alipokutana na Ponijan uso kwa uso, kitu pekee kilichomtoka kinywani kilikuwa salamu.

Msishangae. Hapa Batu Pahat, hasa sisi tuliozaliwa vijijini kando ya mifereji, wajukuu wa watu waliotoka Java, mtu akikukosea humtukani. Unamzidishia adabu. Ukiona mtu anakuamkia vizuri mno, anakuuliza mpaka habari za kuku wako, jiulize umemfanya nini. Kasmuri na Ponijan walikuwa na adabu ya kutisha. Kila Ijumaa msikitini walipeana mikono, wakaulizana habari za watoto na za kuku, halafu kila mmoja akapanda baiskeli yake akashika njia yake. Watu wakawa wanasema, tazama wazee wale wanavyoheshimiana. Heshima gani! Ilikuwa kununa tupu.

Kasmuri alikuwa fundi wa redio nyuma ya soko, akiishi humo humo dukani, jiko likiwa nyuma ya pazia. Zamani watu walipanga foleni mlangoni kwake wamekumbatia redio zao. Siku hizi redio ikiharibika inatupwa, inanunuliwa nyingine, na fundi anabaki kupangusa vumbi. Watoto wake wawili walikuwa Singapore, wakimpigia simu kila mwisho wa mwezi kumwuliza kama amekula. Amekula. Mkewe, Painah, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo Kasmuri alikuwa anajipikia wali wa mtu mmoja, kazi ngumu kuliko kupikia watu kumi. Wali unabaki. Anaula kesho yake. Unabaki tena. Dukani alikuwa akiwasha redio tatu kwa wakati mmoja, kila moja na stesheni yake, apate tu kusikia watu wakibishana.

Asubuhi moja akaingia Zaleha, binti mkubwa wa Ponijan, amebeba sanduku refu jeusi kwa mikono yote miwili.

“Asalaam aleikum, Wak Kas,” akasema, kwa lile neno letu la kumwita mzee wa rika la baba.

“Waaleikumu salaam. Leha! Ingia mwanangu, kanyaga popote, hizo nyaya hazina umeme. Baba hajambo?”

“Hajambo, Wak, anakusalimia sana.”

“Nami namsalimia sana. Na kuku wake?”

“Kuku nao hawajambo.” Zaleha alilaza sanduku juu ya meza, akafungua vifungo vyake. “Amesema nikuletee wewe. Amesema hakuna mtu mwingine wa kuligusa.”

Ndani ya sanduku lilikuwa gitaa la umeme la Kiingereza, lile lile ambalo Ponijan alilinunua mwaka sitini na sita kwa askari wa Kiingereza aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Wakati ule lilikuwa jekundu, lina nyuzi kumi na mbili, na hakukuwa na jingine kama hilo kuanzia Muar mpaka Kluang. Sasa lilikuwa na nyuzi sita. Kichwa chake kirefu kilikuwa na matundu kumi na mawili, na sita kati ya hayo yamezibwa. Tumboni lilikuwa limepigwa skrubu mkono wa chuma wa kutikisia sauti. Na mwili mzima, masikini, ulikuwa umepakwa rangi ya kijani.

“Hii ni rangi ya madirisha,” Kasmuri akasema.

“Ndiyo, Wak.”

“Nani alilitenda hivi, au nikaulize polisi?”

“Baba mwenyewe.”

“Nilijua. Baba yako ukimpa brashi hata kuku hasalimiki.”

Zaleha akacheka, akaeleza. Binti yake anaolewa baada ya Idi. Wazee wa ile bendi ya zamani ya Ponijan na Kasmuri waliobaki hai wanataka kupiga nyimbo tatu siku ya harusi. Na Ponijan amesema gitaa lirudi kama lilivyokuwa, nyuzi kumi na mbili kamili, la sivyo yeye hapigi. “Na amesema atakuja kulichukua mwenyewe, kabla ya mfungo.”

“Mwenyewe?”

“Mwenyewe. Na hili kopo amesema utajua ni la nini.” Akaweka mezani kopo la maziwa la zamani, limefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira.

Alipoondoka, Kasmuri alizima redio zote tatu. Atakuja mwenyewe. Basi atakaa kwenye kiti kile pale, na mlango uko mmoja tu. Safari hii ataulizwa.

Sasa ili muelewe uchungu wa mtu huyu, lazima mjue nyuzi kumi na mbili zinavyotaabisha. Zinakaa jozi jozi, jozi sita. Katika jozi nne za chini kuna uzi mnene na mwenzake mwembamba anayeimba vilevile, ila juu. Zikipatana, gitaa moja linasikika kama magitaa mawili yanayopendana. Zikikosana, ni paka kwenye bati. Na kwa joto letu hili, chini ya turubai la harusi, masufuria yanachemka pembeni na mvua inakuja na kuondoka, kila wimbo ukiisha nyuzi tatu au nne zinakuwa zimelegea.

Peke yake Ponijan asingeweza. Kwa hiyo kwenye bendi yao, Cempaka Parit, kazi ile ilifanywa na watu wawili. Wimbo ukiisha, Ponijan anasogea mbele, anadonoa uzi mmoja mmoja huku akiwatania wageni, na Kasmuri anasimama ubavuni kwake, ameinamisha sikio la kushoto mpaka kwenye kichwa cha gitaa, anazungusha funguo. Wimbo mwingine unaanza, gitaa linang'aa. Kupiga gitaa Kasmuri hakujua. Alikuwa mpiga kayamba, na hilo kayamba lenyewe alilitikisa kwa kudra za Mungu tu. Lakini sikio! Bibi zetu walikuwa hawamwiti kwa jina. “Sikio yuko wapi? Sikio kala?” Ndivyo alivyoitwa. Mama yake alikuwa akikaa mstari wa mbele kila harusi, si kusikiliza nyimbo, kumwangalia mwanawe akizungusha funguo. Kasmuri alikuwa na miaka ishirini na mbili na hakuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia.

Halafu siku moja, mwanzoni mwa sitini na nane, alifika kwa Ponijan kama kawaida akamkuta amekaa kibarazani na gitaa la kijani mapajani. Nyuzi sita.

“Kumi na mbili zimepitwa na wakati, Kas,” Ponijan alimwambia, akitabasamu na kuangalia vidole vya miguu yake. “Vijana wa mjini wote wanapiga sita.”

“Sawa,” Kasmuri akasema. Neno moja tu.

Alikwenda harusi mbili zaidi kutikisa kayamba. Ponijan alikaza nyuzi zake sita peke yake, kwa mkono mmoja, bila hata kumgeukia. Ya tatu hakwenda, na hakuna aliyekuja kuuliza kulikoni. Ponijan alikuja mara moja, wiki kadhaa baadaye, na kikapu cha tempe, vile vipande vyetu vya soya iliyochachushwa. Akakaa saa nzima, akanywa kahawa, akaongea habari za kuku mpaka kuku wenyewe wangechoka, akaondoka. Basi, mambo yakaishia hapo. Kasmuri alijifunza ufundi wa redio, akaoa, akazaa, akazika, na swali lake likiwa limemkaa kifuani.

Aliifanya kazi ile kwa wiki sita. Rangi ya madirisha aliitoa kwa msasa, taratibu, kidole kwa kidole, na chini yake wekundu wa zamani ukatokeza umefifia lakini uko mzima. Mkono wa chuma aliung'oa, matundu yake akayajaza unga wa mbao na gundi. Vinasa sauti alivifungua, akavisafisha kutu, akalehemu upya waya mbili zilizokuwa zimeshikwa na matumaini tu. Mikono ilikuwa na raha. Moyo ulikuwa unamsema Ponijan mchana kutwa.

Ilipofika zamu ya kichwa, alichukua keekee ili atoboe yale matundu sita yaliyozibwa. Kwanza akabonyeza kizibo kimoja kwa mpini wa bisibisi, kupima ugumu wake. Kizibo kikatoka, kikaanguka mezani. Akabonyeza cha pili. Nacho kikatoka. Vyote sita vilikuwa vya mti wa mpira, vimechongwa kwa kisu kimoja kimoja, vimeviringishwa kitambaa ili vishike. Hakuna gundi, hata tone.

Akafungua kopo la maziwa. Funguo sita za zamani zilikuwa humo, zinaogelea kwenye mafuta ya cherehani, hazina hata doa la kutu. Chini yake, ndani ya kitambaa, kile kipande cha mfupa cha kushikia nyuzi shingoni, chenye mifereji kumi na miwili. Na skrubu zake ndogo, zote, hakuna iliyopotea.

Kasmuri akakaa. Mafuta yale hayakuwa ya mwaka sitini na nane. Yalikuwa masafi. Kwa hiyo kila baada ya muda, miaka thelathini na sita, mtu alikuwa anafungua kopo lile na kuyabadilisha.

“Huyu ana wazimu?” akaiuliza redio iliyokuwa karibu. “Mtu umezichoka nyuzi, unatunza funguo zake kama mayai?”

Hili jambo likamkera kuliko rangi ya madirisha. Chuki yake ilikuwa imekaa vizuri mahali pake miaka yote, na sasa mtu ameitikisa mguu mmoja.

Mwanawe akamtumia nyuzi mpya kutoka Singapore, na ndani ya bahasha kikaratasi cha kumwuliza kama anakula. Siku alipozifunga ilikuwa mchana wa mvua, mvua ile yetu ya saa nane ambayo mtu ukiwa ndani ya duka umefungwa mpaka ikuruhusu. Hakuwa na mtu wa kumdonolea. Akadonoa kwa mkono mmoja, akazungusha funguo kwa mwingine, ameinamisha sikio la kushoto kama zamani. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza akazipiga zote kwa pamoja, na sauti ikajaa duka. Tamu! Tamu mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakukuwa na mtu, hakuyafuta.

“Sikio halijazeeka,” akasema kwa sauti. “Unasikia, Ponijan? Halijazeeka!”

Ndani ya sanduku Zaleha alikuwa ameacha kijisanduku cha betri, kama vile vinavyotumiwa na vijana: unadonoa uzi, mshale unakuonyesha kama uko sawa. Kasmuri alikiwasha ili akicheke. Nyuzi nene zilikuwa sawa. Alipodonoa nyembamba ya jozi ya kwanza, mshale ukalala kushoto. Chini. Akadonoa ya pili. Chini. Ya tatu, chini. Ya nne, chini kabisa.

“Kibovu,” akasema.

Fundi ni fundi. Akakifungua, akabadilisha betri, akasafisha ndani kwa brashi. Mshale ukalala pale pale. Basi, kwa ubishi tu, akasema ngoja nikifuate nione upuuzi wake. Akazikaza zile nyuzi nyembamba mpaka mshale ukasimama katikati, akazipiga zote kwa pamoja. Lo! Chachu tupu. Paka kwenye bati. Akacheka peke yake, akazipiga tena, kwa nguvu, na wakati huo huo simu ikalia upande wa pili wa meza. Akageuza kichwa kuitazama, nyuzi bado zinalia.

Zilikuwa tamu.

Kasmuri hakuipokea simu. Akageuza kichwa tena, sikio la kushoto kwenye gitaa: chachu. Akageuza la kulia: tamu. La kushoto. La kulia. Mtu angepita mlangoni angedhani mzee anamkatalia mtu jambo fulani. Simu ikalia mpaka ikachoka, naye bado anageuza kichwa.

Akaikumbuka homa. Mwisho wa sitini na saba, mafuriko yaliposhuka, alilala wiki mbili, sikio la kushoto likatoka usaha, mama yake akalimiminia mafuta ya vuguvugu na kitunguu saumu. Alipopona alirudi kwenye bendi, wakapiga harusi tano. Tano zote alikuwa ameinamisha sikio lile lile. Akakumbuka harusi ya mwisho kati ya hizo, mjomba wa bibi harusi alivyosimama katikati ya watu akauliza, “Hili gitaa linaumwa tumbo?” Watu wote wakacheka. Yeye Kasmuri pia alicheka. Wenzake wa bendi hawakucheka. Walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akakumbuka kesho yake alivyopita kwenye nyumba ya harusi nyingine, siku ya rewang, yale mapishi ya pamoja kabla ya harusi, majirani wamekaa chini wanakata vitunguu na kukuna nazi, na mazungumzo yakakatika alipotokea, kisha wote wakamkaribisha kwa pamoja, kwa furaha iliyopitiliza.

Wiki ile ile ndipo gitaa lilipopakwa rangi ya madirisha.

Sijui kama nyie mmewahi kuchukia mtu miaka thelathini na sita halafu mkagundua alikuwa anawasitiri. Kasmuri hakushukuru, tusidanganyane. Aliona aibu kwanza, aibu ya mtu aliyetembea mjini na suruali imepasuka nyuma na kila mtu akamwamkia kwa heshima. Miaka yote amekaa dukani akiwalaumu waimbaji wa redio kwamba siku hizi hakuna anayejua kuimba! Halafu akaona hasira. Halafu, mvua ilipokata na duka likanyamaza, akamkumbuka Ponijan mwenyewe, kijana mwembamba mwenye meno makubwa, na akatamani kuwa na mtu huyo kiasi kwamba kifua kilimuuma.

Angeweza kuyaacha yapite. Gitaa lilikuwa sasa sawa, kwa msaada wa mshale. Ponijan angekuja, angelipiga, angesema sikio lako bado, na yeye angesema kawaida tu, na wangeendelea kupeana mikono kila Ijumaa mpaka mmoja amzike mwenzake. Watu wetu wengi wangefanya hivyo na kuita ni busara. Kasmuri alilala na wazo hilo usiku mmoja, akaamka nalo, akalichukia. Asubuhi ya siku ya Ponijan kuja, alikaa chini na gitaa, akainamisha sikio la kushoto, akazilegeza zile nyuzi nne nyembamba mpaka alipozisikia tamu yeye. Akalilaza kwenye sanduku. Alitaka kumwona mtu yule anavyofanya.

Ponijan alishushwa na Zaleha saa nne. Alikuwa amekonda, kofia nyeusi imemshuka hadi masikioni, mikono inatetemeka. Na kikapu cha tempe.

“Kas.”

“Jan. Karibu. Kaa hapo. Habari za nyumbani?”

“Njema. Za kwako?”

“Njema. Kuku?”

“Wamo. Yule jogoo mweupe nilimchinja.”

“Alikuwa na umri.”

“Alikuwa na kelele.”

Zaleha akawaacha, akaenda sokoni. Kasmuri akaweka kahawa mezani, akafungua sanduku. Ponijan alipoona wekundu ule alitoa sauti ndogo, akaupitisha mkono wake juu ya mbao, akahesabu funguo kwa kidole, moja mpaka kumi na mbili.

“Jaribu,” Kasmuri akasema, akachomeka waya kwenye amplifaya. Akakaa mbele yake akamkazia macho.

Ponijan akapiga. Kope moja ilimcheza. Basi. Uso haukusogea.

“Limekaa, Kas,” akasema. “Limekaa sawasawa. Sikio lako halizeeki wewe.”

Kasmuri alitaka kumrukia, na hakujua kama ni kwa kumpiga au kwa kumkumbatia.

“Ponijan, wewe ni mwongo.”

“Kas?”

“Zile nne nyembamba ziko chini. Nimezilegeza mwenyewe asubuhi, kama ninavyozisikia kwa sikio hili.” Akalipiga sikio lake la kushoto kwa kiganja. “Nimejua, Jan. Nimejua juzi, kwa kijisanduku cha mwanao.”

Ponijan akalaza gitaa mapajani. Akatazama nje.

“Mvua itanyesha,” akasema.

“Iache inyeshe! Nyumba yako ina bati. Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje?” Sauti ya Ponijan ilipanda ghafla, ya mtu aliyebanwa. “Bibi zetu wote wanakuita Sikio. Mama yako yuko mstari wa mbele. Nisimame niseme, jamani, Sikio ameharibika? Nilijaribu, Kas. Kila asubuhi nilisema leo. Nikaona heri niharibu gitaa. Sita naweza kuzikaza mwenyewe, na wewe utanichukia mimi, hutajichukia wewe. Nikasema, mwezi mmoja tu, sikio litapona, nitazirudisha zote. Sikutia hata gundi.”

“Nimeona hukutia gundi.”

“Halafu ukaacha kuja. Nikaja kwenu na tempe, nikuambie.”

“Ukaniambia habari za kuku.”

“Nikakuambia habari za kuku,” Ponijan akakubali, ameinamisha kichwa. “Baada ya hapo ikawa mbaya zaidi. Nikitaka kukuambia la sikio, lazima nikuambie pia kwa nini nilinyamaza mwanzo. Na kila mwaka unaongezeka mwingine wa kuelezea. Mwisho nikaona aibu yangu imekuwa kubwa kuliko yako.”

Kahawa zilikuwa zinapoa.

“Ningekuambia ungefanya nini?” Ponijan akauliza.

Kasmuri akafikiri kwa haki. “Ningekupiga kwa kayamba.”

“Si unaona?”

“Ningekupiga sana.”

Wakacheka. Walicheka mpaka Ponijan akashikwa na kikohozi na Kasmuri ikabidi amgonge mgongoni, na ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mtu huyu zaidi ya kumpa mkono tangu walipokuwa vijana. Mifupa tupu. Hapo kicheko kikamwishia.

“Nipe,” akasema, akalichukua gitaa. “Mimi nadonoa. Zungusha wewe.”

Kazi ilikwenda kwa tabu. Vidole vya Ponijan vilitetemeka, ufunguo unapita mahali pake, anaurudisha, unapita tena. Kasmuri alidonoa uzi ule ule mara ishirini na hakumharakisha. Zilipokaa zote, Ponijan akapiga mwanzo wa wimbo mmoja wao wa zamani, polepole, akikosea hapa na pale. Kasmuri akageuza kichwa, sikio la kulia, akasikiliza. Ilikuwa kweli gitaa zuri, na hakuwa amelisikia hasa tangu kabla ya ile homa. Alifikiri angefurahi kuliko hivi. Alikuwa anasikiliza na huku anahesabu harusi zilizompita miaka yote hiyo.

Honi ya Zaleha ikalia nje. Ponijan akafunga sanduku, akasimama kwa kujishika mezani.

“Utakuja siku ya mapishi,” akasema. “Usije siku ya harusi kama mgeni. Uje siku ya mapishi.”

“Nitakuja.”

“Nyuzi zitalegea, unajua lile turubai.”

“Nitakuja, Jan.”

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Na hapo ndipo lilipomtoka swali ambalo hakuwahi kulifanyia mazoezi hata siku moja, wala hakujua lilikuwamo.

“Painah alijua?”

Ponijan akaiweka sawa kofia yake. Akamtazama Zaleha garini, akatazama mawingu, akafungua mdomo, na Kasmuri akaona habari za kuku zinakuja.

“Usinisitiri, Jan. Nimechoka.”

Ponijan akamshika mkono, kwa mikono yake yote miwili.

“Mji mzima ulijua, Kas.”

Gari likaondoka. Kasmuri akarudi ndani akakaa kwenye kile kiti cha wageni. Miaka thelathini na moja mwanamke yule alikuwa akitembea upande wake wa kulia. Akilala upande wake wa kulia. Akija kumnong'oneza jambo msibani au harusini, anazunguka nyuma ya watu wote mpaka afike kulia, na alipoulizwa kwa nini, alisema upande ule kuna upepo. Na hata siku moja hakumwambia. Kasmuri alikasirika kama hajawahi kukasirika katika ndoa yake yote. Alisimama, akavuta pazia la jikoni kwa nguvu, amekwishafungua kinywa kuanza ugomvi, na jikoni hakukuwa na mtu.